Vita vya Bunyoro na Buganda: Asili Yake na Matokeo Yake

Mto Kafu si mto mkubwa. Maji yake huenda polepole, na mahali pengi umejaa mafunjo hata mgeni apitaye aweza kudhani kuwa ni bwawa tu. Walakini mto huo ndio uliofanywa mpaka kati ya mshindi na mshindwa katika mwaka 1894, na nchi iliyo kusini yake ikaleta ugomvi uliodumu miaka sabini kamili. Watu waliozaliwa baada ya bunduki kunyamaza walirithi mashtaka ya babu zao, wakayapeleka mbele ya magavana, mawaziri na tume za kila namna, wala hawakuchoka.

Vitabu vingi vilivyosomwa mashuleni zamani vilieleza vita hivi kwa ufupi sana: palikuwa na mfalme mkali aitwaye Kabalega, akiwaonea jirani zake na kufanya biashara ya watumwa, basi Waingereza wakaja wakamwondoa. Masimulizi hayo yanaacha mengi. Jeshi lililovuka Kafu lilikuwa na maofisa wachache wa Kizungu na mamia machache ya askari wa Kisudani, lakini waliobaki, maelfu kwa maelfu, walikuwa Waganda. Kwa hiyo vilikuwa pia vita vya majirani wawili waliojuana tangu kale, wanaofanana kwa desturi nyingi, na ambao lugha zao zina nasaba moja.

Zamani Bunyoro-Kitara ilikuwa dola kubwa kuliko zote katika nchi za maziwa makuu, na Buganda ilikuwa nchi ndogo kando ya Ziwa Nyanza. Tangu karne ya kumi na saba mizani ilianza kugeuka. Makabaka, mmoja baada ya mwingine, walikata vipande vya ardhi ya Bunyoro wakaviongeza katika masaza yao. Hata yapata mwaka 1830 Bunyoro ikapata jeraha jingine kutoka ndani, kwani Kaboyo, mwana wa mfalme mwenyewe, aliasi akajitenga na nchi ya Toro. Kujitenga huko hakukuwa jambo la fahari tu, maana upande wa kusini ndiko yaliko maziwa ya chumvi ya Katwe.

Jambo la chumvi lastahili kuangaliwa vizuri. Bunyoro ilikuwa na chumvi yake pia huko Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Mwitanzige, ambalo Wazungu waliliita Albert. Huko wanawake hutandaza udongo juu ya ardhi yenye chemchemi za maji ya moto, wakaukwangua ukisha kunywa chumvi, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale hata yakabaki mabonge meupe. Kazi hiyo ni ya mama na binti, na kila familia ina kiwanja chake. Pamoja na majembe ya chuma ya wahunzi wa Kinyoro, chumvi ilikwenda masokoni mpaka Buganda, na Waganda walileta nguo za magome na bidhaa nyingine. Basi wale wale waliopigana mpakani msimu huu walikuwa wakiuziana sokoni msimu ule. Mwenye kushika chumvi alishika mapato ya ufalme, na kwa sababu hiyo kila mfalme mwenye nguvu alitaka Katwe na Kibiro viwe mkononi mwake.

Kamurasi alipofariki mwaka 1869 wanawe waligombea kiti, na Kabalega akamshinda ndugu yake Kabigumire. Tangu mwanzo alikusudia kurudisha ukubwa wa mababu zake. Aliunda jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura, lenye vikosi vilivyowekwa mikoani chini ya makamanda aliowateua mwenyewe, na wengi wao hawakuwa watu wa ukoo wa kifalme. Kwa jeshi hilo aliwanyamazisha wakuu waliozoea kumpinga mfalme, akairudisha Toro chini ya mamlaka yake. Bunduki alizipata kwa pembe za ndovu: nyingine kutoka kaskazini kwa wafanya biashara wa Khartoum, nyingine kutoka pwani kwa njia ya Karagwe. Hapo palikuwa na chanzo kingine cha uadui. Tangu mwaka 1844, alipofika Ahmed bin Ibrahim katika baraza ya Kabaka Suna, Buganda ilijiona kuwa mlango wa pekee wa biashara ya Zanzibar. Suna, na baada yake Muteesa, hawakupenda hata kidogo misafara ya Waungwana na Waarabu ipite kwao kwenda Bunyoro na shehena ya baruti. Kabalega naye hakukubali kuwekwa nyuma ya mlango wa mtu mwingine.

Katika mwaka 1872 alifika Masindi Sir Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive Ismail wa Misri. Mwezi wa Mei alipandisha bendera akatangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri. Mfalme hakuulizwa. Mwezi wa Juni mapigano yakazuka, Baker akaiteketeza Masindi kwa moto, kisha akarudi kaskazini kwa taabu huku akivamiwa njia nzima. Alipofika kwao aliandika kitabu, na ndani yake Kabalega ameonyeshwa kuwa mlevi, mwoga na mhaini. Kitabu hicho kilisomwa sana Uingereza. Maofisa waliokuja miaka ishirini baadaye walikwisha kumhukumu Kabalega kabla ya kumwona uso, na labda hakuna silaha ya Baker iliyoidhuru Bunyoro kama kalamu yake.

Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alipeleka jeshi kaskazini, nalo likashindwa vibaya na Abarusura huko Rwengabi. Kushindwa huko kuliwauma Waganda, ambao kwa muda mrefu walizoea kurudi kutoka Bunyoro na ng'ombe na mateka. Tangu hapo Kabalega hakuwa jirani wa kudharauliwa tena.

Ndipo yakaja mambo ya dini, nayo yanawahusu Waislamu wa Uganda kwa karibu kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo wa Buganda waliungana wakamwondoa Mwanga, wakamweka Kiwewa. Muungano wao haukudumu hata miezi miwili. Waislamu wakawafukuza Wakristo, na Kiwewa alipokataa kutahiriwa wakamweka Kalema. Mwaka mmoja ukapita. Oktoba 1889 Wakristo wakarudi pamoja na Mwanga, wenye bunduki walizoletewa na Charles Stokes, mfanya biashara wa Kiirish aliyekuwa akipanda bara na misafara ya Wanyamwezi. (Stokes huyo huyo alinyongwa na ofisa wa Kibelgiji katika Kongo, Januari 1895, kwa shutuma ya kuwauzia Waarabu silaha, na kunyongwa kwake kulileta kelele kubwa kati ya London na Brussels.) Waislamu waliposhindwa walikimbilia upande wa kaskazini, na Kabalega akawapokea. Akawapa askari, na mwezi wa Novemba wakaiteka tena Mengo. Februari 1890 wakatolewa mara ya pili, wasiirudie. Kalema alikufa kwa ndui mwaka huo, na uongozi ukashikwa na Nuhu Mbogo, nduguye Muteesa, mtu mpole aliyeheshimiwa hata na adui zake.

Kabalega hakuwa Mwislamu. Alishika mila za wazee wake, na msaada wake ulikuwa wa siasa: Buganda iliyogawanyika ilimfaa kuliko Buganda iliyo moja. Lakini watu wale walikuwa wakimbizi wenye wake na watoto, na nchi yake ndiyo iliyowapa makao na chakula. Mbele ya Wakristo wa Mengo kosa hilo halikusameheka. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alipofika Kampala Desemba 1890, akakuta vyama viwili vya Kikristo viko tayari kuuana, alitafuta adui mmoja wa kuwaunganisha. Mei 1891 aliongoza jeshi la vyama vyote viwili dhidi ya Waislamu mpakani mwa Bunyoro, akawavunja. Tangu siku hiyo Buganda ya Kikristo na Kampuni vilimhesabu Kabalega kuwa adui wao wa pamoja.

Lugard akaendelea magharibi. Akamrudisha Kasagama, mwana mfalme wa Toro aliyekuwa mkimbizi Buganda, akajenga ngome penye chumvi ya Katwe akaiita Fort George. Hivyo kwa safari moja Bunyoro ilipoteza mkoa na mapato yake. Kisha akavuka mpaka Kavalli, ng'ambo ya Ziwa Mwitanzige, alikokuwa Selim Bey pamoja na mabaki ya jeshi la Emin Pasha: askari wapatao 600 wa Kisudani, na jamaa zao na wafuasi wao maelfu kadha. Hao ndio wazee wa Wanubi wa Uganda wa leo. Lugard akawapanga katika ngome kati ya Toro na Bunyoro, bila mshahara wa maana na bila akiba ya chakula. Askari mwenye njaa na bunduki hula kwa jirani, na wakulima wa sehemu zile walipata mateso makubwa kutoka kwa walinzi waliowekwa kuwalinda.

Mwaka 1892 vyama vya Kikristo vilipigana vyenyewe kwa vyenyewe Mengo, Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa Lugard, na masaza yakagawanywa upya. Wakatoliki walipata Buddu. Mbogo alirudi kwa amani mwaka ule ule, na Waislamu wakapewa masaza matatu madogo, lakini mwaka 1893, baada ya Selim Bey kuonyesha kuwaunga mkono wenzake wa dini, walinyang'anywa, wakabakiwa na Butambala tu. Selim Bey alipelekwa uhamishoni, akafia njiani Naivasha. Mbogo naye alipelekwa pwani, akakaa Zanzibar hata aliporuhusiwa kurudi.

Katika hesabu hiyo ya masaza ndimo ilimo sababu iliyo kubwa kuliko zote, ingawa haikuandikwa katika tangazo lo lote la vita. Katika Buganda cheo kilikwenda na ardhi, na kila kiongozi alikuwa na wafuasi wanaongoja kupewa chao. Vita vya dini viliongeza viongozi na wafuasi, lakini nchi haikuongezeka. Vyama vilivyokwisha kupigana kwa ajili ya vijiji vya Buganda vilihitaji nchi nyingine ya kugawana, na nchi hiyo ilikuwa karibu, ng'ambo ya mpaka. Waingereza nao walikuwa na hofu yao: waliogopa Wafaransa na Wabelgiji wasije wakashika bonde la Naili, na njia ya kufikia ziwa na mto ilipita Bunyoro. Kila mmoja wa marafiki hao wawili alikuwa na haja yake, na haja zote mbili zilikuwa mahali pamoja.

Kanali Henry Colvile alipata kisingizio kilicho tayari. Katika mwaka 1893 Wanubi waliondolewa katika ngome za kusini kwa sababu ya uharibifu wao, na Abarusura wakarudi mara moja Toro, Kasagama akakimbilia milimani. Mwezi wa Desemba Colvile alitangaza vita. Alikwenda na askari wa Kisudani mia nne na zaidi, na Waganda wapatao 15,000 chini ya Semei Kakungulu. Wakavuka Kafu, na mwanzoni mwa Januari 1894 wakafika mji mkuu, wakakuta majivu. Kabalega ameuchoma kwa mkono wake mwenyewe, akaingia msitu wa Budongo.

Hapo ndipo ulipoonekana uhodari wake wa vita. Hakukubali kukutana na mizinga ya kisasa uwanjani. Alijitenga, akashambulia misafara, akavuka mto, akarudi. Colvile alijenga safu ya ngome kutoka Buganda mpaka ziwani Kibiro ili kuikata nchi vipande viwili, na maofisa waliobaki nyuma, miongoni mwao Thruston, wakawa wakitoka ngomeni kufuata Abarusura na kuteketeza maghala ya chakula. Mwaka 1895 likaja jeshi jingine kubwa la Waganda, na Kabalega akavuka Naili kuingia nchi ya Lango. Toka huko alipigana miaka minne zaidi.

Mwisho wake una ajabu yake. Mwaka 1897 Mwanga, ambaye jeshi lake lilishindwa Rwengabi, alichoka na ulezi wa Waingereza akaasi. Mwaka huo huo Wanubi waliochoka kwa safari zisizokwisha na ujira mdogo wakaasi nao, na Thruston akauawa mikononi mwao. Mwanga alipotoroka akaenda kwa nani? Kwa Kabalega. Wafalme wawili wa nchi zilizochukiana wakaishi pamoja vichakani kama ndugu, wakiwindwa na Kakungulu na Kanali Evatt. Tarehe 9 Aprili 1899 wote wawili walikamatwa karibu na Ziwa Kwania. Kabalega alipigwa risasi mkononi, na mkono ukakatwa. Walipelekwa Kismayu, kisha Shelisheli.

Hasara ya Bunyoro haikuwa ya wale waliokufa kwa risasi tu. Sotoka ilikwisha kuua ng'ombe kabla ya vita kuanza. Vita vilipochoma mashamba na maghala mwaka baada ya mwaka, njaa ikaingia, na ndui ikapata miili isiyo na nguvu. Watu wengi walihamia Toro, Lango na Acholi, wengine walichukuliwa mateka wakapelekwa Buganda. Katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini yakafuata malale, na serikali ikawahamisha wakazi waliobaki ukingoni mwa Naili na ziwa. Nchi iliyokuwa na vijiji ikawa ya tembo na nyati, ikafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 ikawa sehemu ya mbuga ya Murchison. Watalii waliopendezwa na upweke wa mahali pale mara nyingi hawakuambiwa ulikotoka.

Waganda nao hawakusalimika kabisa. Jeshi la 1894 lilipigwa na maradhi, na wengi waliotoka kwao wakitumaini shamba walizikwa kando ya njia. Lakini viongozi walilipwa. Colvile aliwaahidi nchi yote iliyo kusini ya Kafu, na mwaka 1896 ahadi ikathibitishwa: Buyaga, Bugangaizi na sehemu nyingine, ambazo kwa jumla ziliitwa masaza yaliyopotea, zikatiwa katika Buganda. Maofisa wawili wa Kiingereza waliokuwa kazini Bunyoro, Pulteney na Forster, waliona kuwa hiyo ni dhuluma, wakaacha vyeo vyao. Majina yao yastahili kutajwa, maana hawakuwa na faida yo yote katika jambo hilo. Ndani ya nchi iliyotolewa yalikuwamo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Tangu siku hiyo walinzi wa makaburi hayo walikuwa raia wa Kabaka, na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ukaupiga mhuri mpaka mpya.

Katika nchi iliyobaki, serikali ilimweka kijana Kitahimbwa, mwana wa Kabalega, mwaka 1898, ikamwondoa mwaka 1902, ikamweka nduguye Andereya Duhaga. Utawala wa vijijini ulipangwa kwa mfano wa Buganda, na machifu wa Kiganda wakaletwa kuufundisha. Luganda ikawa lugha ya baraza na ya kanisa. Mkulima wa Kinyoro alipeleka kesi yake mbele ya mtu wa taifa lililomshinda, kwa lugha ya mtu huyo, akalipa kodi mkononi mwake. Mwaka 1907 machifu wa Kinyoro walisema basi. Harakati yao iliitwa Nyangire, maana yake «nimekataa», na jina hilo halikuhitaji maelezo. Hawakushika mkuki. Walikataa tu kutii machifu wa Kiganda. Wakubwa wao walikamatwa na kuhamishwa, lakini serikali haikuleta tena machifu wapya kutoka Buganda. Toro ilipata mkataba wake mwaka 1900 na Ankole mwaka 1901. Bunyoro ilihesabiwa kuwa nchi iliyotekwa, ikangoja mpaka 1933.

Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, mzee wa mkono mmoja aliyebatizwa kwa jina la Yohana. Alifika Jinja akafa hapo mwezi wa Aprili, hajaiona Bunyoro. Maiti yake ilizikwa Mparo, karibu na Hoima. Mwanga alikuwa amekufa Shelisheli zamani, mwaka 1903.

Katika masaza yale watu walianza kujikusanya mwaka 1921 kwa jina la Kamati ya Wanyoro wa Mubende. Waliandika barua, walipeleka wajumbe, walijibiwa kwamba jambo limekwisha. Uhuru ulipokaribia, tume ya Lord Molson ilishauri mwaka 1962 kwamba Buyaga na Bugangaizi zirudishwe, lakini Uingereza ikaondoka Oktoba mwaka huo na kuiachia serikali mpya kura ya maoni. Kabaka Mutesa wa Pili akawapeleka askari wake wa zamani kukaa Ndaiga ili waongeze kura za Buganda, serikali ikaamua kwamba watapiga kura wale tu waliokuwa wameandikishwa katika uchaguzi wa 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 wakazi walichagua Bunyoro kwa kura nyingi sana, na tarehe 1 Januari 1965 masaza hayo mawili yakavuka mpaka kwa karatasi kama yalivyoondoka. Urafiki wa chama cha Obote na Mengo ulikuwa umevunjika, na katika 1966 majeshi ya serikali yaliingia jumba la Kabaka.

Ardhi yenyewe haikurudi yote. Chini ya mkataba wa 1900 mashamba ya masaza yale yaligawanywa kwa hati za mailo, na wenye hati walikuwa wakuu wa Buganda na warithi wao. Kura ya 1964 ilihamisha utawala, haikugusa hati. Kwa hiyo mkulima wa Buyaga aliyepata tena mfalme wake alibaki juu ya shamba lenye mwenyewe Kampala, na sheria ya ardhi ya mwaka 1998, iliyoweka mfuko wa kununua hati kama hizo, ilitungwa wajukuu wa waliopigana katika Kafu wakiwa wamekwisha kuzeeka.